King'amuzi Kilichomfukuza Baba Mkwe

Ndugu yangu, nimeumbuka.

Si unakijua king'amuzi changu cha Linux, kile chenye mfumo wa kompyuta, kinachoweza kila kitu isipokuwa kupika? Baba mkwe kaja kutazama fainali. Alipoenda msalani nikasimamisha mechi kwa rimoti, eti asipitwe; aliporudi tukaendelea pale pale.

Ikaja penalti. Mpigaji wetu hajagusa mpira, kwa jirani wanashangilia goli. Mzee akauliza, "Mkwe, sisi tunaona ya jana?"

Nikabonyeza rimoti turuke mbele, tuwafikie majirani. Kikajizima, kikaanza kujiwasha upya. Maandishi yanateremka kwenye skrini. Maandishi, ndugu yangu, badala ya penalti.

Mzee akavaa viatu. "Naenda kwa jirani. King'amuzi chake hakina akili, lakini kinaonyesha mpira."

Mke wangu kamfuata baba yake.

Sasa kimewaka. Picha safi kama kioo. Natazama peke yangu wachezaji wakipeana mikono.