Ukurasa Uliotaja Mlango wa Nekoye

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mutanu Mbithi. Umri: miaka 29. Kazi: kuandika programu za kompyuta. Makazi: mtaa wa Kongo, Kawangware.

Ninahudumia tovuti ambayo watu hutafutia mama fua, wanawake wa kuwafulia nguo. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python. Nilipoajiriwa, kila ukurasa ulijichotea data kwenye hifadhidata ulivyotaka. Nilichukua miezi miwili kuzikusanya njia zote za kuingia humo katika faili moja. Ukurasa ukitaka habari za mfanyakazi unaziomba hapo, na hapo ndipo ploti anayopanga na namba ya mlango wake huondolewa. Nilijisifu sana kwa faili hiyo.

Nekoye, mmoja wa mama fua wetu, alikuwa amemkimbia mumewe, Mukhwana, kule Gatwekera, akapanga chumba huku Kongo. Alipojisajili kwetu aliniuliza kama mteja anaweza kuona anapoishi. Nilimwambia hawezi.

Mnamo tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkubwa wangu, Bwana Obonyo, alitaka ukurasa mpya wa kuonyesha mama fua walio karibu, uwe tayari saa sita. Nilimwambia nikiupitisha kwenye faili yangu ili milango isionekane, itanichukua siku nzima. Akasema, "Hizo ni nyumba za mabati, Mutanu, si Karen kwa matajiri. Nani ana haja na mlango wa mama fua?" Nilichoka kubishana. Nikaandika ukurasa uchote data moja kwa moja, nikijiambia nitaupanga kesho.

Saa saba na dakika kumi mtu alijisajili kama mteja, akatafuta jina moja tu. Ukurasa ukampa kila kitu, hadi mlango namba 9.

Saa tisa jirani alinipigia simu. Nilimkuta Nekoye kizingitini, mikono yote miwili imevunjwa kwa chuma. Mukhwana alikuwa amemwambia hatamfulia mtu tena. Nekoye aliniuliza, "Si ulisema hawezi ona?" Niliona aibu hata nikashindwa kumshika.

Jioni niliupitisha ukurasa kwenye faili. Ilinichukua dakika arobaini.

Umeniuliza Nekoye yuko wapi sasa. Anauguzwa kwa dada yake Rachael, Laini Saba, Kibera, mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nami nakubali ni kweli.

Sahihi: M. Mbithi

Yameandikwa nami, Konstebo Filister Walubengo, tarehe 19 Mei 2025, saa tano asubuhi. Baada ya kutia sahihi, shahidi ameomba makazi ya Rachael yafutwe. Nimemfahamisha kwamba maelezo yakishatiwa sahihi hayafutwi, na kwamba mshtakiwa, Mukhwana, aliyeachiliwa leo kwa bondi, atapewa nakala yake.