Sauti ya Mwalimu wa Baiolojia

Jumamosi. Asubuhi imenyesha, mchana jua limetoka kali, na matope ya Kariakoo yameanza kunuka kama kawaida yake. Mwili mzima. Moyo sijauuliza.

Wanaosoma hapa wanajua mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Zena, mjukuu wangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu akanionyesha pa kubonyeza. Herufi nazijua zote, kwa hiyo asinisahihishe mtu.

Leo naandika kosa langu. Ya namna hiyo siandiki mara nyingi.

Zena yuko kidato cha nne. Shuleni kwao simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unanyang'anywa na mzazi anaitwa. Lakini walimu haohao jioni wanatuma masomo kwa simu, kwenye grupu la darasa. Ndiyo akili ya siku hizi hiyo. Basi watoto wanatumia namba za wazazi, na namba ya Zena ni yangu. Akitoka shule anapitia kwangu Mtaa wa Kongo, ninakouza kanga tangu serikali ilipotoa ruksa na kila mtu akawa mfanyabiashara. Anakaa juu ya robota la kanga, anachukua simu, anasoma. Kitabu cha Baiolojia shuleni wanagombea. Kwenye simu kila mtu ana chake.

Mwanzoni nilisema ni uhuni. Nilisema simu haijawahi kumfundisha mtu kitu ila kucheka peke yake. Halafu nikaona daftari linajaa, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiyo sifa, asitegemee nyingine.

Mwalimu wa Baiolojia ni kijana. Anatuma sauti. Akieleza kwa Kiingereza anarudia kwa Kiswahili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Kiswahili nakielewa.

Wiki mbili zilizopita sauti yake iliingia Zena hajafika. Nikaifungua, simu iko juu ya meza, imepazwa mpaka mwisho kwa sababu masikio yangu yanataka hivyo. Wateja wapo, wapagazi wapo. Kijana anaeleza, bila haya wala kikohozi, kwamba mtoto kuwa wa kike au wa kiume kunaamuliwa na mbegu ya baba. Ya mama siku zote ni ya aina moja, haiamui kitu. Mpagazi mmoja akaangua kicheko: "Bibi, leo umefungua shule!"

Nikabonyeza pale pa kuongelea.

"Wewe kijana," nikasema, "nani kakupa ruhusa ya kuanika mambo ya ndani mbele ya wasichana na wavulana? Mambo hayo yana wenyewe. Mimi ni kungwi, nimeanza kufunda wanawali kabla mama yako hajavunja ungo. Yanasemwa chumbani, mlango umefungwa, na mwanamume hayumo. Koma!"

Ikaenda kwa darasa zima. Na kwa wazazi wao.

Mwajabu wa Magomeni akaisikia. Mwajabu nilimfunda mimi, ndiyo maana mpaka leo ananiita Somo, na binti yake Rehema anasoma na Zena. Jumatatu yake akafunga safari mpaka kwa mkuu wa shule, akamwambia kungwi wake amesema jambo hili halifai, basi halifai. Mkuu wa shule, mama anayeogopa midomo ya wazazi, akafunga grupu lote. Si Baiolojia peke yake. Na Kemia, na Hisabati. Mwalimu akapewa onyo.

Mtihani wa taifa uko mlangoni.

Zena hakulia. Angelia ningemkaripia, ningepata pa kushika. Aliiweka simu mezani taratibu, akasema, "Bibi, sasa nitasoma wapi?" Kisha akaanza kunisaidia kukunja kanga. Akawa anakunja vizuri mno. Mtoto anataka uuguzi, na pale nikamwona miaka thelathini mbele, bado anakunja.

Jana nilikwenda shuleni. Mimi si mtu wa kuomba radhi kwa vijana, na sikujua hata nianzie wapi. Mwalimu akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Nikamwambia, kijana, nilikuonea. Akasema, "Bibi, mimi sina kinyongo. Ila mkuu anasema mzazi aliyelalamika aje mwenyewe afute malalamiko."

Kwa hiyo leo nimefunga biashara mapema, nikaenda Magomeni.

Mwajabu alinipokea kwa chai na maandazi. Nilipomweleza akacheka. "Somo, wewe? Si maneno yako mwenyewe hayo? Nani kakulisha nini huko Kariakoo?"

Njiani nilikuwa nimepanga kusingizia mtihani. Ningesema watoto watafeli, naye angekubali, maana mpaka leo hajawahi kunibishia. Nikamtazama anavyonimiminia chai, nikaona haya.

Ukweli ni huu. Sikumkemea yule kijana kwa sababu alisema hadharani. Nilimkemea kwa sababu nilikuwa sijui.

Nimezaa mabinti wanne. Mume wangu aliniacha kwa hilo. Mama yake alisimama uani akasema tumbo langu ni la kike, nami nikainamisha kichwa, nikakubali. Kisha nikawa kungwi nikafundisha hivyohivyo. Mwajabu alipozaa binti wa tatu, baba Rehema akahamia Mbagala kutafuta mtoto wa kiume kwa mwanamke mwingine. Mwajabu akaja kulia kwangu. Nikamwambia, mwanangu, mwanamume halaumiwi kwa kutafuta shamba jingine.

Nilimwambia hivyo. Kwa mdomo huu.

Halafu kijana aliyezaliwa juzi anakuja kunieleza kwa dakika tatu, kwenye simu niliyoinunua mwenyewe.

Grupu limefungwa lakini sauti bado imo. Nikaiweka simu katikati ya vikombe, nikabonyeza. Mwajabu akasikiliza mpaka mwisho. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia pale pa mbegu ya baba." Nikarudia.

Sikusema nisamehe. Nilisema, "Mwanangu, nilikufunda vibaya." Kwangu hilo ni zito zaidi.

Nilidhani atanifukuza, na haki anayo. Chai ikapoa. Kisha akaifuta mikono yake kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji.

"Jumatatu nitakwenda kwa mkuu," akasema. "Watoto wasome." Halafu akainyooshea kidole simu. "Somo, hiyo sauti naweza kumtumia mtu?"

Nikasema anaweza.

"Basi namba ya baba Rehema hii hapa. Tuma."

Nikatuma. Sikuongeza neno, mwalimu amejieleza vya kutosha. Baba Rehema ameshaisikiliza, nimeona alama zimebadilika rangi.

Mume wangu alishafariki, na mama yake pia. Wao nitawatumia wapi?