Shaba Uliyoificha Ukutani

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili asubuhi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko kwenye baridi? Unakula, unalala, kifua kimepona? Sisi tu wazima, ni magoti yangu tu yamegoma. Anayeniandikia ni jirani yetu, fundi cherehani. Nimemkataza kulainisha maneno.

Dada yako hapimi tena mwanga wa ule moto wenu mkubwa wa kuzalisha umeme, mnaoufungia ndani ya ukuta wa vigae. Wamemtupa stoo, anabandika namba kwenye maboksi. Akipita koridoni wanamwita, "Bi Shaba, leo hujaona dhahabu?" Anacheka nao, kisha anakuja kulia bafuni, maji kayafungulia, akidhani sisikii.

Kazi yake alinionyesha jikoni. Alirusha chumvi kwenye moto wa gesi, ukawa wa njano. Akaingiza waya wa shaba, ukawa wa kijani. Akasema, "Bibi, kila kitu kikipata moto hujitaja kwa rangi yake." Moto wenu ni mkali mno, rangi nyingine jicho halizioni, ila chombo chake huzinasa na kujua nini kimeingia humo. Akaona shaba. Akasema ndiyo inayoupoza moto.

Wewe, mkuu wa mafundi wa ukuta unaouzunguka moto huo, ukasimama mkutanini ukasema humo hamna shaba hata chembe, kioo cha chombo cha dada yako ni kichafu. Wakakuamini. Ukapandishwa cheo, ukapanda ndege.

Umesahau ulivyokaa kitandani kwangu ukicheka, ukuta ulipokwisha? Vipete vya kukazia vigae vilipungua, ukaweka vya shaba, ukafunika. Ukaniambia, nani atabomoa aangalie? Ulidhani unamwambia kikongwe asiyejua kitu.

Nilimwambia dada yako hayo. Akasema, "Bibi, yaache. Atafukuzwa, na ana mtoto mchanga." Huyo ndiye uliyemchafua mbele za watu.

Basi juzi nilipanda ngazi za ofisi yao kwa magoti haya, nikamweleza bosi yote. Kesho wanafungua ukuta. Nilikulea kwa mgongo huu mama yako alipotutoka, na nimekuuza kwa mdomo huu. Sijutii. Wakikupigia simu, kubali. Usiniongezee aibu.

Nisalimie mkeo. Mtoto umbusu utosini. Mungu akupe moyo wa kusema kweli, hata kama umechelewa.

Wakikufukuza, njoo. Kitanda chako nimekitandika. Ila ufunguo wa mlango anao dada yako, nami sitamwomba akufungulie.

Nikupendaye bado,
Bibi yako