Muziki Unaohesabiwa Saba

Kitale,
14 Aprili 2024

Kwa Mama Wamboi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na mtoto mko wazima huko Bungoma. Huku tuko, mvua imeanza na mahindi yameshaingia ardhini. Mguu wangu unaniuma tu asubuhi.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki. Ni mwaka mzima na zaidi tangu tumzike Mbugua, na mimi na wewe hatujasemezana hata neno.

Wiki jana nilisafisha chumba alicholala akiwa kijana. Chini ya kitanda nimepata katoni ya viatu yenye kanda kumi na moja za redio, kila moja ameiandika kwa mkono wake. Nilitia moja kwenye redio ile ya zamani. Kinanda kinanguruma kama nyigu kwenye chupa, mara filimbi, mara mtu anaimba polepole Kizungu chake. Ngoma nayo haijui inakoenda. Sikuelewa kitu.

Ni ule muziki wa siku ya mazishi? Kama ni huo, niambie nikutumie. Kama huutaki, wanakwaya wetu wanahitaji kanda za kurekodia.

Msalimie mtoto. Mwambie nyanya anamuulizia.

Ni mimi,
Mama Mbugua

*

Kanduyi, Bungoma,
2 Juni 2024

Kwa Mama Mbugua,

Salamu zako tumezipata. Sisi ni wazima. Wamboi ako darasa la pili na meno ya mbele yameng'oka.

Ndiyo, ni ule muziki. Tafadhali usiwape wanakwaya.

Uliuliza, basi nitakueleza. Wiki ya mwisho pale wodini, figo zikiwa zimekataa kabisa, Mbugua alinishika mkono akaniambia: "Wakati ukifika, Nasimiyu, wapigie ule mmoja. Dakika nne tu. Mama atakasirika kidogo, halafu atacheka."

Hukucheka. Ulichomoa waya wa spika mbele ya watu wote, ukasema hizo ni nyimbo za walevi. Mtoto wangu alikuwa amesimama kando ya jeneza, akaniuliza mbona wimbo wa baba umekatika. Ndiyo maana sishiki simu.

Kama kweli unataka kuujua, tafuta kanda aliyoandika kwa wino wa kijani. Wimbo wa kwanza, upande wa pili. Usitafute pa kupiga makofi, hutapapata. Hesabu moja mpaka saba, halafu uanze tena.

Mama Wamboi

*

Kitale,
21 Juni 2024

Kwa Nasimiyu, mama wa mjukuu wangu,

Hamjambo? Huku tunamshukuru Mungu, ingawa baridi imezidi.

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikamaliza nimekaa chini. Sikujua aliomba yeye mwenyewe. Nilidhani ni wewe uliyependa. Lakini hata kama ningejua, sijui ningefanya nini, na hilo ndilo linaloniuma. Siku ile niliwaona watu wa kanisa wakitazamana. Mwanangu analazwa kaburini na mtu anaimba juu ya birika la chai! Nikaona aibu. Siku ambayo ningemtazama yeye peke yake, mimi nilikuwa natazama nyuso za watu.

Kanda ya wino wa kijani nimeipata. Nimeimba sauti ya pili kanisani miaka thelathini na minne, kuhesabu si kitu kigeni kwangu, lakini huu ulinishinda. Nikifika tano kinanda kimeshakata kona, kimeniacha barabarani. Nikaacha. Siku ya tatu nilikuwa nachambua maharagwe, redio inaimba tu, nikashtuka kwamba mkono wangu wenyewe unahesabu. Punje nne, punje tatu. Nne, tatu. Hapo nikausikia! Hauchechemei. Ni mwendo wa mtu anayetembea huku akiwaza kitu kingine.

Sasa niambie, kwa nini yule mwimbaji anaimba kama mtu anayetafuta miwani yake na iko usoni? Nilicheka. Halafu nikajisikia nikicheka, nikazima.

Anaimba nini hasa? Kiingereza changu kiliishia kwenye birika la chai.

Nyanyake Wamboi

*

Kanduyi,
18 Agosti 2024

Mpendwa Mama,

Uhali gani, na mguu je? Sisi tulikuwa na homa nyumba nzima, imepita. Nisamehe kwa kukawia. Nilipofika pale kwenye miwani nilicheka mpaka Wamboi akaja kuuliza kuna nini, na baada ya hapo sikuweza kuandika siku nyingi.

Wale walikuwa vijana wa Kiingereza, zamani, miaka ya sabini, wengi wao wa mji mmoja mdogo wenye kanisa kubwa. Mbugua alipewa kanda hizo na mwalimu wake wa hesabu shuleni, Mwingereza, alipokuwa anarudi kwao. Alikuwa akiniambia: hawa watu wanajua muziki mwingi mpaka wanaona haya, ndiyo maana wanatania. Wanachukua jazi, wanaichanganya na gitaa na mchezo wa watoto, halafu wanajifanya hawajafanya kitu.

Ule wimbo ni wa mtu aliyemkaribisha rafiki kwa chai. Rafiki haji. Basi yeye anamtungia visingizio: labda amepotelea bustanini, labda paka amekalia kiatu chake. Chai inapoa. Hasemi hata mara moja kwamba rafiki hatakuja. Lakini sikiliza anaponyamaza, kinanda kinapoingia peke yake. Kinanda kinajua. Nilipousikia mara ya kwanza tulikuwa tumeoana miezi miwili, nikamwambia bana huu ni upuuzi. Akaurudisha nyuma mpaka pale pa kinanda. Nikalia, na bado nilikuwa sijafiwa na mtu.

Kuna siri nikuambie. Ile Jumapili alipowapigia kinanda kanisani kwenu, watu wakitoa sadaka, si alipiga kitu polepole ukakisifu? Kilikuwa hicho. Aliniapisha nisikwambie.

Binti yako,
Nasimiyu

*

Kitale,
9 Septemba 2024

Mwanangu Nasimiyu,

Salamu kwako na kwa wajina wangu Wamboi, aliyebeba jina langu la nyumbani. Homa imeisha kabisa? Mpe uji wa wimbi.

Nakumbuka! Nilimfuata mpaka kwenye kinanda nikamuuliza, "Hiyo ni namba ngapi kwenye kitabu?" Akaniambia, "Hiyo bado hawajaiandika, Mama." Nikamwambia wakiiandika anitafutie. Alikuwa anacheka na mabega tu, unavyomjua. Nilidhani ni furaha ya kusifiwa.

Kumbe nilishaupenda, Nasimiyu. Nilichomoa waya wa kitu nilichokuwa nimeomba mwenyewe.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilichukua redio na betri mpya nikaenda kaburini. Nikaupiga wote, dakika zake nne. Mzee Waithaka wa baraza la kanisa alikuwa anapita kwenye njia ya shamba. Akasimama, akavua kofia. Ulipoisha akaniuliza ni wimbo gani huo. Nikamwambia, "Ni wa Mbugua. Siku ile niliukata." Akasema, "Nakumbuka." Akakaa na mimi kwenye nyasi mpaka jua lilipotuchoma.

Sikupata nafuu niliyotarajia. Yeye hakusikia. Ila nimefanya.

Wewe ndiye uliyesikia na kuona siku ile, kwa hiyo wewe ndiye ninayekuomba. Nisamehe. Mbele ya mtoto nilikuaibisha ukiwa na msiba. Desemba njooni, hata kama ni siku mbili. Chumba ni kile chake, nimekipaka rangi.

Mama yako,
Bilha

*

Kanduyi,
3 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi tulifika vizuri, na shule zimefunguliwa. Wamboi bado anawasimulia watu vile mlivyohesabu saba jikoni mkigonga sufuria, wewe ukaharibu kwanza. Asante kwa Krismasi ile. Nilikusamehe kabla sijashuka kwenye gari, nilipokuona umesimama getini na sweta ya Mbugua.

Kuna jambo nilikuja nalo nikashindwa kulisema, maana kila nikifungua mdomo ulikuwa unaniwekea kanda nyingine.

Kuna mtu ameniomba tuoane. Anaitwa Kimutai, ni mwalimu huko Chwele, alifiwa na mke miaka sita iliyopita. Ni mpole na Wamboi anamkubali. Nimemkubalia. Sijajua utalipokeaje, nami sitaki usikie kwa watu. Wamboi atabaki Wamboi wa Mbugua, jina halibadiliki, na likizo zake ni zako.

La pili ni gumu zaidi kwangu. Mama, mimi siwezi tena kuusikiliza ule muziki. Kimutai hanizuii. Amejaribu maskini, anasema ni kama bendi inayotafuta wimbo ilioupoteza, na Mbugua angempenda kwa maneno hayo. Ni mimi. Kinanda kikiingia tu niko wodini, na mashine ile ya figo inalia, na yeye anataka maji na daktari amekataa asipewe. Desemba nilivumilia kwa sababu yako. Nilikuwa natoka nje kila mara kama mtu anayeenda kuangalia mtoto.

Nimetuma kifurushi na gari la vifurushi. Ndani kuna santuri tisa alizonunua yeye mwenyewe, mashine ya kuzichezea, na daftari alimoandika kila wimbo na hesabu zake. Usinifikirie vibaya. Nataka viwe kwa mtu anayevipenda.

Nijibu, hata kama ni kwa hasira.

Binti yako,
Nasimiyu

*

Kitale,
30 Machi 2025

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Mvua imechelewa mwaka huu, tunaangalia mawingu.

Najua umengoja. Nilikuandikia barua tatu nikazitia motoni. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, sitakuficha. Nilisema miaka miwili tu! Nilisema umekuja kunitwika mzigo wako kwa gari la vifurushi. Ya pili ilikuwa ya kulia, na ya tatu ya kujifanya mtakatifu. Hii ni ya nne, ni ya kweli kadiri ninavyoweza.

Olewa, Nasimiyu. Ulimuuguza mwanangu miezi kumi na moja, mimi nikija Jumamosi na chupa ya uji na kuondoka saa kumi. Mimi sikuiona mashine ikilia. Ndiyo maana mimi naweza kusikiliza na wewe huwezi. Usijilazimishe kwa ajili yangu, wala kwa ajili yake. Mlete Kimutai nimwone. Nitampikia irio, na redio itakuwa imezimwa.

Vitu vimefika vyote, hakuna kilichovunjika. Daftari nalisoma kidogo kidogo kwa kamusi. Kuna santuri moja yenye wimbo unaojaza upande mzima, dakika ishirini. Unaanza kama mchezo, mtu anahesabu vijiko, halafu unaingia mahali pengine, na pengine tena, na haurudi pale ulipoanzia. Mara ya kwanza nilikuwa nangoja urudi. Sasa singoji.

Jana mchana nilifika katikati yake, pale vyombo vyote vinaponyamaza na kubaki filimbi na ngoma moja ndogo. Nimeusikia mara nyingi, lakini jana ndipo nilipoelewa kwamba ile ngoma imekuwa ikihesabu saba tangu mwanzo, chini ya kelele zote, na sisi hatukuisikia. Nikageuka upesi kusema, "Umesikia hiyo?"

Jikoni nilikuwa peke yangu. Na mwana wa kumwambia nilikuwa naye miaka arobaini na moja.

Nikangoja mpaka ukaisha. Halafu nikaenda kukama.

Nisalimie Wamboi.

Mama yako,
Bilha