Kwa Shangazi Selestina, Aliyepima Pumzi za Watoto wa Kambini

Mwaka umezunguka, Shangazi, tangu alasiri ile ya Juni ulipotutoka nyumbani kwa mdogo wako Nikolaus, katika kambi ya mkonge karibu na Chanzuru. Misa imesomwa. Kaburi limepaliwa, msalaba umepakwa chokaa upya. Watu wakituuliza, tunajibu kwamba tumeshapoa. Si kweli, na wewe hukupenda uongo, hata ule wa adabu.

Wasiokujua na wajue ulikuwa nani. Ulikuwa binti wa manamba aliyekuja kutoka Songea kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Ulikuwa mkunga msaidizi katika zahanati ya kambi, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mwenye pumu tangu utoto. Ulicheka mpaka ukakohoa, kisha ukakicheka kikohozi chenyewe. Chai yako uliinywa bila sukari, kwa sababu sukari yako uliwapa watoto waliokubali kupimwa.

Alipofika yule daktari Mwingereza, akitaka kujua kwa nini watoto wengi wa kambi za mkonge wana vifua vibovu, wewe ndiwe uliyemfungulia milango. Yeye alikuja na chombo chake na maswali yake. Akina mama walikuwa wako. Mlifanya kazi pamoja miaka minne, mkibishana kutwa, yeye kwa Kiswahili chake cha kujikwaakwaa na wewe kwa hiyo sauti yako. Mlitaka kuwafuata watoto tangu wanapozaliwa. Kichanga hawezi kupuliza, basi ulimzungushia utepe kifuani, ukalitazama tumbo lake likipanda na kushuka akiwa usingizini. Akikua kidogo alipuliza mrija ulioingia katika pipa la maji, na kopo lililofunikwa juu ya maji lilipanda kwa kadiri ya pumzi yake. Mwaka ukirudi, na yeye anarudi. Watoto wakakuita Mama Pipa, nawe ukaitika.

Walihitajika pia watoto wasioishi na mkonge, ili walinganishwe na wetu. Kwa hiyo mlikwenda na lori mpaka Mikumi, kwa wakulima wa kando ya barabara ya Iringa. Hadithi ya siku ya kwanza kule uliisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila mara uliiongezea chumvi.

"Pipa hilo ni la mumiani," mama mmoja alikuambia, amemficha mwanawe nyuma ya khanga. "Mtoto anapuliza, mnafunga, mnakwenda kuuza Ulaya."

"Ulaya wana upepo wao," ukamjibu, "tena wa baridi. Nani atanunua wa Mikumi wenye harufu ya tembo?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Ukaushika mrija ukapuliza wewe. Kopo likapanda kidogo tu, likagoma.

"Bibi we! Na pumzi hiyo ndiyo umekuja kupima za wenzako?" mama yule akasema.

"Ndiyo maana nimekuja. Yangu iliharibika kabla hajatokea mtu wa kuuliza kwa nini. Mlete huyo."

Mtoto akaletwa.

Ulitueleza kazi yenu kwa maneno ambayo hata sisi tuliosoma hatukuyapata darasani. Ulisema mapafu ya mtoto hayazaliwi yamekamilika. Ni nyumba ambayo mwenyewe amehamia huku mafundi bado wako kazini, wanaongeza vyumba, vyumba vidogo sana vya hewa, mwaka baada ya mwaka. "Sasa wewe mwagia mafundi vumbi usoni," ulisema, "halafu uone watajenga nini." Daktari alikuwa akiitikia kwa kichwa. Alikiri kwamba sehemu ya mambo hayo anayaamini tu, bado hajayathibitisha, na pipa lile lilikuwa njia yake ya kutafuta.

Kwanza ulidhani ni moshi wa mafiga. Msimu mzima uliwasumbua wanawake wapikie nje. Lakini nyumba za Mikumi zina moshi uleule, na watoto wa kule walipandisha kopo juu kuliko wetu. Ndipo ukaanza kutazama watoto wanalala juu ya nini.

Hapa ndipo tunapotakiwa kusema ukweli wetu. Katika kiwanda cha mkonge kuna chumba cha brashi, ambamo singa zilizokauka husuguliwa mpaka zing'ae. Yale manyoya mafupi yanayodondoka chini ni laini, nayo huachiwa wafanyakazi. Kambi nzima tunayajaza kwenye mito na magodoro. Mwanamke akijifungua, mzee wa brashi humshonea mtoto godoro dogo, na asiyeletewa hujiona kama hana watu. Nikolaus, mdogo wako, ndiye mnyapara wa brashi. Hakuna aliyeshona magodoro kama yake, na hakuna nyumba iliyokuwa nayo mengi kama yetu.

Ulipoanza kupita mlango kwa mlango ukisema magodoro hayo yana vumbi linaloingia vifuani mwa watoto, tulikucheka sisi wa kwanza.

"Sasa Shangazi unataka tulalie nini," Melkizedek, mtoto wa Nikolaus, alikuuliza mbele ya watu, "tulalie Injili?"

"Wewe hata ukiilalia haitakuingia," ukamjibu.

Nikolaus yeye hakutania. "Dada, mimi vumbi lile nalimeza tangu ujana wangu. Mbona sijafa?"

"Wewe ulianza kulimeza ukiwa na ndevu, Nikolaus. Mafundi walishamaliza kazi na kwenda zao."

Tukacheka tena. Usiku tukalala juu ya magodoro yetu.

Mwezi wa Juni mwaka jana ulirudi kutoka Mikumi umebanwa, safari nzima juu ya lori katika vumbi la kiangazi. Ulishuka ukitweta, huwezi kumaliza sentensi. Nikolaus alikupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekuandalia chumba cha mbele, na kitandani godoro jipya alilolishindilia mwenyewe, limevishwa kitambaa cheupe cha amerikani.

Ulilitazama. Ulisema, "Nipe mkeka."

"Mkeka!" akasema. "Watu wa kanisani waje wakukute juu ya mkeka, dada yangu, kama huna ndugu?"

Ukatugeukia sisi. Hiyo ndiyo sura tunayoiona mpaka leo. Ulikuwa unangoja mmoja wetu aseme neno. Tulikuwa tumejaa mlangoni, tumesomeshwa, wengine kwa senti zako, na tulijua ulichokuwa unakiomba na sababu yake. Tulisema, "Shangazi, jipumzishe tu hapo, ni laini." Tuliogopa watu watasema nini. Ukatabasamu ukasema, "Haya. Nitalalia heshima yenu."

Wageni walikuja, wakalisifia godoro. Wewe ulizidiwa. Siku ile ya mwisho jirani yetu Mwamvua, aliyekuwa mkunga mwenzako, aliingia mchana, akakuona midomo inabadilika rangi. Hakutusalimu. Alikushika makwapani akakushusha sakafuni, akafungua dirisha, akatuma mtu akimbilie sindano zahanati. Sindano ilipofika, ulikuwa umeshakwenda.

Daktari alikuja matangani akakaa chini pamoja na wanaume. Tulimwuliza, maana tulitaka atupe ruhusa ya kulala usingizi. Alisema hawezi kusema ni godoro; kifua chako kilikuwa kibovu tangu zamani na safari ile ilikumaliza.

"Na huwezi kusema si godoro," Mwamvua akamwambia.

Daktari akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyejibu.

Tungeweza kuishia hapo, tukalia, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini wakati wa masika Teresia, mke wa Melkizedek, alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Tumempa jina lako. Alikuwa mdogo hata ungemficha ndani ya kofia, na kila alipovuta hewa ngozi ilizama katikati ya mbavu. Babu yake akafanya kile anachofanya mzee wa brashi. Alileta godoro dogo.

Teresia alisimama mlangoni akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pokea."

"Baba, nakuomba, lisiingie."

"Kwa nini lisiingie?"

"Kwa ajili ya Shangazi."

Nikolaus aliliinamia godoro lililokuwa mikononi mwake. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilimuua."

Hatukusema ndiyo, hatukusema hapana. Wewe ulipoomba mkeka tulikunyima neno ulilolingoja, na sasa tulimnyima yeye. Aliliacha godoro barazani akaenda zake. Tulielewa: akilirudisha, amekiri, likiingia, mtoto anaweza kulipa. Tulilipita kila asubuhi. Melkizedek alitaka amfurahishe baba yake, akamwambia mkewe waliingize kwa siku chache tu. Teresia akamwambia, "Mimi si mwanao wa kunifundisha adabu. Likiingia hilo, mimi natoka na mtoto." Usingekuwa marehemu, ungempigia vigelegele.

Mtoto akapata mafua. Kifua kikaanza kulia filimbi, tukaisikia mpaka uani. Nikolaus alikuwa ametoka Misa, bado amevaa koti. Alisikiliza. Alilichukua lile godoro dogo, akaingia ndani akalitoa lile ulilougulia, ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa, akalitoa na lake, na ya nyumba nzima. Akayaburuta mpaka nyuma ya nyumba za kambi akaanza kuchimba shimo. Hakutaka kuyachoma, moshi usije ukamfuata mtoto.

Vijana wa brashi wakakusanyika kumtazama bosi wao.

"Mnyapara, leo unazika godoro? Tuje na matanga?"

"Njooni," akasema bila kuinua kichwa. "Na yenu mje nayo."

Wawili walikwenda kuyaleta. Wengine bado, nao wanasoma tangazo hili. Watoto wao tunawajua kwa vikohozi vyao.

Mjukuu wako yu hai. Daktari amempima kwa utepe uleule, na kifua kimeongezeka. Hajatuahidi kitu, nasi hatukumwomba atuahidi. Tangu ulipoondoka akina mama wengi waliacha kuwarudisha watoto, na kazi yenu ilikuwa karibu kufa. Mwamvua ndiye sasa anapita milangoni. Teresia huenda naye, mtoto mgongoni.

Tulipokaa kuandaa tangazo hili, Nikolaus alisema jina lake lisiandikwe kati ya wanaokukumbuka. "Niandikeni kwa wale waliomkosea," alisema. Tulishikwa na haya. Aliyeshona godoro ni mmoja, lakini waliosema "ni laini" tulikuwa chumba kizima. Tumemjibu kwamba familia hii haina orodha mbili.

Kwa hiyo wanaokukumbuka, ambao ndio waliokukosea, ni hawa: mdogo wako Nikolaus na mkewe Costancia, watoto wao Melkizedek, Domina na Ulimboka, mkwe wao Teresia, ambaye hakukukosea lakini amekataa kutengwa nasi, na Mwamvua, ndugu yako wa kazi, aliyekataa vilevile. Selestina mdogo hayumo. Yeye hana deni kwako, nasi tunataka akue bila kulijua letu mpaka kifua chake kiweze kulibeba.

Hatutakusahau, Shangazi, hata pale ambapo kusahau kungetupumzisha.