Jenereta Italala Nje

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe, wifi na watoto mu wazima, na kwamba ule mgongo wako umekubali kupona. Sisi huku hatujambo kiasi. Baba hajui kama nakuandikia. Simu zako zote hupokea yeye, akaweka spika, nami nabaki kusema hatujambo, hatujambo, kama kasuku. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Kwanza ahsante kwa jenereta. Ilipofika tulishangilia hadi jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Umeme huku siku hizi unakatika unavyotaka wenyewe, na mimi nilikuwa naachwa na gauni la mteja lenye mkono mmoja na pasi iliyopoa. Sasa cherehani inakwenda, friji inagandisha, na Baba anasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Kwa hilo Mungu akuzidishie.

Lakini Baba unamjua. Mtu aliyetunza stoo ya kiwanda mpaka akastaafu hawezi kuona mali imelala nje. Siku ile ile aliiingiza jenereta jikoni, akaifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, akaifunika shuka, tena si shuka kuukuu. Mama alisema angepata matunzo hayo ujanani asingezeeka. Tukacheka sana. Tatizo ni kwamba hata ikinguruma Baba hakutaka itoke. Aliiwasha humo humo jikoni, dirisha likiwa wazi kidogo, na mlango wa sebuleni ameufunga ili kelele isitusumbue.

Nilianza kulalamika mapema. Kila tukiiwasha kichwa kiliniuma, na nikitoka tu kwenda kununua nyuzi, kinapoa. Nikamwambia Baba kwamba moshi wa injini si wa kukaa nao ndani. Akanijibu kwamba wewe uliyeinunua kwa jasho lako ndiye uliyemwagiza aiweke ndani, isinyeshewe wala isiibwe. Nikasema kaka alimaanisha ikiwa imezimwa. Akasema mwenye mali hakutamka hivyo. Nikamleta fundi wa kuchomea vyuma, yule mwenye karakana nyuma ya shule, naye akamweleza. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, akampa chai, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi akakaza kufuli. Kubishana na Baba siku zote ni kutwanga maji kwenye kinu, lakini kubishana naye akiwa ameshika neno lako, kaka, hapo hata kinu chenyewe hukioni.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo Mama amenikataza nisikwambie. Jumanne iliyopita mchana ilinyesha mvua ya upepo. Baba akafunga na lile dirisha la jikoni ili maji yasiifikie jenereta, akaja sebuleni kwenye redio yake. Mama alibaki jikoni akimenya viazi. Nilipokwenda kuuliza chakula nilimkuta chini, kisu bado kiko mkononi, midomo inacheza bila sauti. Nilimshika kwapani nikamburuta mpaka uani kwenye mvua huku nikimwita Baba. Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alisema injini ile hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunapanga mazishi.

Mama amerudi nyumbani, ila mikono bado inamtetemeka. Na Baba, baada ya kuyasikia yote yale kwa masikio yake, alifika nyumbani akasema ilikuwa presha, na kwamba kuanzia sasa dirisha litabaki wazi, yameisha. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia kwa hasira. Mama naye akanishika mkono, akanisihi usijue, maana utajilaumu kwa zawadi yako. Mimi sikulaumu hata kidogo.

Kulia hakusaidii, nikanyanyuka. Nilimwambia Baba kwamba umenipigia kwenye simu ya mteja wangu, na kwamba umesema jenereta isiwashwe tena ndani ya nyumba, iwe mvua iwe jua. Mwizi akiichukua utanunua nyingine, lakini mama hauzwi dukani. Hukupiga, kaka. Maneno yale ni yangu, nimekusingizia bila hata kupepesa macho. Na Baba alisimama pale pale akafungua kufuli. Maneno yangu mwenyewe hayakulegeza hata nati moja, ila yalipovaa jina lako yalimnyanyua kitini. Imeniuma, sikufichi.

Fundi ametengeneza kizimba cha chuma mwisho wa uwanja, mbali na madirisha yote, kina wavu pande zote na bati juu. Funguo anazo Baba mwenyewe. Anakikagua asubuhi na jioni, na kusema kweli anakipenda.

Jumapili ukipiga, atakuuliza kama ni kweli ulisema. Sikuombi unifichie. Nakuomba uyaseme maneno yale leo, hapo hapo ulipo, kwa sauti yako, neno kwa neno, ili akikuuliza uwe unajibu kweli tupu. Ukiona huwezi, niite mwongo mbele ya ukoo mzima, nitaitika. Ila jenereta ile ikirudi jikoni hata mara moja, nitaitoa kwa nyundo, vipande vipande, na mnyororo wake.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na huo mgongo uukande kwa maji ya moto. Mama yuko uani anaanika nguo, ananiuliza namwandikia nani muda wote huu. Nimemwambia ni mteja msumbufu. Huo ni uongo wa pili, na huo nao siujutii.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano