Zabibu za Kuvu za Bordo

Ilunga ndugu yangu,

Nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, nimeshinda ukame wa Hombolo sijui mara ngapi, na maduka ya Zhanxi, huku kwa Wachina, nilikoanzia kununua viatu vya biashara, mengi yameshafungwa, mimi nipo. Kukuzika wewe, mdogo wangu kwa miaka kumi, sikutegemea.

Barua siyo kazi yangu, unajua. Mkono huu ni wa mkasi wa kupogolea mizabibu. Kiti chako kwa Mama Odia, pale tunapokula, hakikaliwi. Ninakizuia mimi.

Ulivyokuwa ukitusimulia Bordo, ulikovuna zabibu ujanani! Mito miwili inakutana, inakwenda baharini. Upande wa kushoto kokoto tupu, divai yake kali, ya kuwekwa miaka. Kulia udongo mzito, divai laini. Hayo nilikuachia. Lakini uliposema huko kusini wanangoja zabibu ziote kuvu, ndipo wakamue divai tamu ya bei mbaya, nikasimama mbele ya watu. Mimi, ninayevuna mara mbili kwa mwaka, nifundishwe zabibu? Ya kuvu natupa. Nikasema, "Ilunga, wewe ni mwongo."

Ukacheka kidogo. "Mzee Malugu, ulimi wako wenyewe utakujibu." Ukatoka. Wiki ileile moyo wako ukasimama.

Mwezi uliopita nilifuata mikoba Shiling, kwenye viwanda vyake. Laobani, yule bosi wa kiwanda, siku hizi kanawiri, anakunywa divai ya Bordo. Akafungua chupa ya rangi ya asali. Wenzake wakasema ganbei, wakamaliza kwa mkupuo. Mimi nikaonja kikulima. Asali kwanza, halafu nyuma yake ile harufu. Naijua, Ilunga. Nimeitupa miaka arobaini. Nikamwambia Neema, mwanafunzi anayenitafsiria Kichina, aulize.

"Babu, anasema zinaachwa ziote kuvu. Makusudi."

Glasi nikaiweka chini.

Jumapili nikasimama kwa Mama Odia, mbele ya walewale: Ilunga alisema kweli, aliyekosa ni mimi. Walisikia wote isipokuwa wewe.

Nikirudi Hombolo, mstari mmoja sitauvuna. Nitauacha uote kuvu. Ukikauka bure, sawa, nitakuwa nimekusikiliza. Pumzika, ndugu yangu.

Na usiseme naongeza chumvi. Neema alikuwepo Shiling, na Mama Odia alinisikia Jumapili. Hakunicheka.